Mguu mmoja kuwa mfupi baada ya ajali: Njia za upasuaji na namna ya kuchagua

WATU wengi waliovunjika paja au muundi miaka iliyopita hubaki wakichechemea maishani kwa sababu mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine. Katika Kaunti ya Kakamega, kama ilivyo kwingineko magharibi mwa Kenya, hali hii huwakumba waendeshaji bodaboda na abiria wao, wakulima wa miwa, wachimbaji dhahabu na hata watu wazima ambao walianguka kutoka mitini wakiwa watoto.

Wengi wao huamini kwamba mfupa ukishaunga, hakuna lifanyikalo tena. Dhana hiyo si sahihi. Tofauti ya urefu wa miguu inaweza kurekebishwa hata miaka mingi baada ya jeraha, na njia za upasuaji ni nne: kuuzuia mguu mrefu usiendelee kukua, kuufupisha mguu mrefu, kuunyoosha mfupa uliounga vibaya, na kuurefusha mguu mfupi.

Hata hivyo, njia iliyo kubwa zaidi si lazima iwe bora zaidi. Mambo manne ndiyo huamua: tofauti ni ya sentimita ngapi, mgonjwa ana umri gani, ni nini kilichoufupisha mguu, na iwapo mgonjwa ataweza kufika hospitalini mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Jambo hili la nne husahaulika kwa urahisi, ilhali linaweza kuiharibu kazi nzuri ya daktari.

Jinsi mguu unavyofupika

Misuli ya paja ndiyo yenye nguvu kuliko mingine mingi mwilini. Mfupa wa paja unapovunjika, misuli hiyo huvivuta vipande viwili hadi vikapandana. Visiporejeshwa mahali pake na kushikiliwa kwa chuma au kwa uzani wa kuvuta mguu, huunga vikiwa vimepandana, na mguu hupungua kwa kiasi kile kile cha kupandana kwake.

Hii ndiyo sababu banzi zinazofungwa na waganga wa jadi wa mifupa, ambazo huenda zikatosha kwa mkono wa mtoto uliopata ufa, haziwezi kulishikilia paja la mtu mzima. Banzi hukaa nje ya nyama, nayo misuli huvuta kutoka ndani. Isitoshe, banzi zilizokazwa kupita kiasi huweza kuzuia damu na kusababisha mguu kuoza.

Sababu ya pili huwahusu watoto. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto kuna eneo laini la gegedu ambalo ndilo hukua na kuurefusha mfupa. Jeraha likiliharibu eneo hilo, mfupa huacha kukua au hukua upande mmoja tu na kupinda. Mtoto wa miaka minane aliyeumia hivyo anaweza kuonekana sawa mwaka wa kwanza, lakini tofauti huongezeka kila mwaka hadi atakapokoma kukua.

Kinyume chake pia hutokea. Mtoto wa kati ya miaka miwili na kumi aliyevunjika katikati ya mfupa wa paja huweza kupata mguu uliorefuka kwa takriban sentimita moja, kwa kuwa damu nyingi inayokwenda kuuponya mfupa huchochea pia ukuaji wake. Kwa sababu hiyo madaktari huwa hawaogopi mfupa wa mtoto wa umri huo kuunga ukiwa umepandana kidogo.

Sababu ya tatu ni usaha ndani ya mfupa. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi wakati wa ajali huweza kuingia viini, na vipande vilivyokufa vikatolewa, hivyo pengo likabaki. Sababu ya nne ni nyonga iliyochomoka bila kurudishwa, au iliyosagika.

Mazingira ya magharibi mwa Kenya yana hatari zote hizi. Pikipiki ziliongezeka mno baada ya Serikali kuzipunguzia kodi pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Dhahabu imechimbwa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, tangu miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo bado huingia katika mashimo yanayoweza kuporomoka. Barabara za eneo la Mumias nazo zimezoea matrekta na malori ya miwa kwa miongo mingi.

Kupima kwanza

Kabla ya kuzungumzia upasuaji, ni lazima tofauti ijulikane kwa hakika. Mtu anayechechemea hana budi kuulizwa kwanza kama mguu wake kweli ni mfupi au waonekana tu kuwa mfupi. Goti lisilonyooka kikamilifu, nyonga iliyokakamaa au uti wa mgongo uliopinda huweza kumfanya mtu asimame kama mwenye mguu mfupi ilhali mifupa ina urefu sawa. Mtu wa aina hiyo akirefushwa mfupa, tatizo lake litabaki pale pale.

Njia rahisi ya kupima ni ya vibao. Mgonjwa husimama wima bila viatu, na vibao vyenye unene unaojulikana huwekwa chini ya mguu mfupi kimoja baada ya kingine hadi mifupa ya nyonga ilingane. Daktari pia hutumia utepe kupima kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kwenye kifundo cha ndani cha mguu.

Vipimo hivyo huthibitishwa kwa picha ndefu ya eksrei inayoonyesha miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi kifundoni, mgonjwa akiwa amesimama. Picha hiyo huonyesha kama upungufu uko pajani, muundini au kote kuwili, na kama mfupa umepinda au umezunguka. Picha fupi ya mahali palipovunjika pekee haitoshi kupanga upasuaji huu.

Kuna jambo jingine ambalo ni muhimu kwa waliopata ajali. Mtu ambaye goti lake limekakamaa na halikunjiki hufaidika akiachwa na mguu uliopungua kwa sentimita moja hivi. Upungufu huo humwezesha kuupitisha mguu mbele bila kukwaruza ardhi. Kwake yeye, kuilinganisha miguu kabisa kunaweza kuufanya mwendo uwe mgumu zaidi.

Sentimita zinavyoelekeza matibabu

Watu wengi wasiowahi kuumia wana tofauti ndogo ya chini ya sentimita moja na hawajui. Kwa jumla, madaktari wa mifupa hufuata vipimo hivi kama mwongozo:

Chini ya sentimita 2: kwa kawaida hapahitajiki upasuaji. Kipande cha kuinua kisigino ndani ya kiatu hutosha, na wengine hawakihitaji.

Sentimita 2 hadi 5: kiatu kilichoongezwa soli, au kuzuia ukuaji kwa mtoto, au kufupisha mguu mrefu kwa mtu mzima. Wengine hurefushwa mguu mfupi, hasa ikiwa mfupa umepinda pia.

Sentimita 5 hadi 15: kurefusha mguu mfupi, mara nyingine kwa awamu zaidi ya moja au pamoja na kuufupisha ule mrefu.

Zaidi ya sentimita 15 hadi 20: hali hii ni nadra baada ya ajali ya ukubwani. Mgonjwa huweza kushauriwa kutumia kifaa kinachoongeza urefu au mguu bandia badala ya kupitia upasuaji wa miaka mingi.

Mwongozo huu si sheria. Mzee wa miaka 65 mwenye tofauti ya sentimita 4 ambaye anatembea bila maumivu huenda asihitaji lolote zaidi ya kiatu. Kijana wa miaka 22 mwenye tofauti hiyo hiyo, anayeumwa mgongo na nyonga baada ya kutwa nzima ya kazi, ana sababu ya kufikiria upasuaji.

Kiatu kabla ya kisu

Kiatu kinastahili kujaribiwa kwanza hata kwa mtu ambaye hatimaye atapasuliwa. Akivaa soli iliyoinuliwa kwa wiki kadhaa, yeye na daktari wake watajua kama maumivu ya mgongo yanapungua. Yasipopungua, huenda chanzo chake si mguu, na upasuaji hautayaondoa.

Takriban sentimita moja huweza kuwekwa ndani ya kiatu cha kawaida. Kinachozidi hapo huongezwa chini ya soli, na inafaa kiongezwe kuanzia kisiginoni hadi vidoleni, si kisiginoni pekee, ili mguu usisimamie vidole. Fundi stadi wa viatu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mpira mwepesi akipewa kipimo sahihi. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, ni miongoni mwa mashirika yanayotengeneza viatu na vifaa vya aina hii.

Soli inapozidi sentimita 5, kiatu huwa kizito na kifundo huteguka kwa urahisi, hasa katika njia za vilima na matope. Hapo ndipo upasuaji huanza kuwa na uzito zaidi.

Mtoto anayekua: wakati ndio dawa

Kwa mtoto ambaye bado anakua, upasuaji mdogo kuliko wote ni kulifunga eneo la ukuaji la mguu mrefu ili mguu mfupi uufikie. Daktari wa Marekani, Dallas Phemister, aliieleza njia hii mwaka wa 1933. Siku hizi hufanywa kupitia matundu madogo kwa kulikwangua eneo hilo, au kwa kuweka vibati na skrubu zinazoweza kutolewa baadaye.

Hesabu yake ni rahisi kiasi cha mzazi kuielewa. Sehemu ya chini ya mfupa wa paja, karibu na goti, hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Sehemu ya juu ya muundi hukua takriban milimita 6 kwa mwaka. Wasichana hukoma kurefuka miguu wakiwa na miaka 14 hivi, na wavulana 16 hivi.

Kwa hivyo mvulana wa miaka 13 ana takriban miaka mitatu ya kukua. Akifungwa eneo la ukuaji la paja pekee, mguu mrefu utasubiriwa kwa sentimita 3 hivi. Akifungwa la paja na la muundi pamoja, zitakuwa karibu sentimita 5. Mvulana huyo huyo akiletwa hospitalini akiwa na miaka 16, nafasi hiyo imekwisha, na kilichobaki ni upasuaji mkubwa zaidi.

Hivyo basi mtoto yeyote aliyevunjika mfupa karibu na goti au kifundo anafaa kupimwa urefu wa miguu kila baada ya miezi sita au mwaka mmoja, hata kama plasta iliondolewa na anacheza vizuri. Umri wa mifupa, ambao husomwa kwenye eksrei ya mkono, huweza kutofautiana na umri wa miaka, na daktari huutumia kuikamilisha hesabu hiyo.

Kufupisha mguu mrefu

Mtu mzima mwenye tofauti ya sentimita 2 hadi 5 anaweza kufupishwa mguu mrefu. Daktari hukata na kuondoa kipande cha mfupa, kisha huziunganisha ncha mbili kwa chuma kinachopita ndani ya uboho au kwa bati na skrubu. Kwa kawaida hufanywa pajani, ambako hadi sentimita 5 huweza kuondolewa. Muundini kikomo ni karibu sentimita 3, na hatari ni kubwa zaidi.

Faida yake ni kwamba kazi humalizika kwa operesheni moja. Mgonjwa hutembea kwa magongo kwa wiki kadhaa na mfupa huunga katika muda wa miezi michache, bila vyuma vya nje na bila safari za kila wiki.

Hasara zake ni mbili. Kwanza, kimo hupungua, na aliye mfupi tayari huenda asikubali. Pili, mguu unaokatwa ni ule mzima. Misuli yake hulegea kwa muda, na hitilafu ikitokea mgonjwa atakuwa na miguu miwili yenye matatizo. Wagonjwa wengi hushtuka wanapoelezwa njia hii, lakini kwa mtu anayeishi mbali na hospitali na anayehitaji kurudi kazini mapema, inaweza kuwa ndiyo salama zaidi.

Kunyoosha mfupa uliounga vibaya

Baadhi ya miguu haikupungua kwa kupandana kwa mfupa tu, bali pia kwa kupinda. Mfupa uliopinda ni sawa na njia yenye kona: safari kutoka ncha moja hadi nyingine imefupishwa ingawa mfupa wenyewe haukupungua sana. Kuukata tena mahali palipopinda na kuunyoosha hurejesha sehemu ya urefu na kuuondolea goti mzigo usiokuwa wa haki. Wayo ulioelekea nje kwa sababu mfupa ulizunguka hurekebishwa katika operesheni hiyo hiyo.

Hata hivyo, mguu hauwezi kuvutwa kwa siku moja kiasi chochote. Mishipa ya damu na ya fahamu imezoea urefu mpya, na ikivutwa ghafla kwa zaidi ya sentimita chache huweza kupooza au kuziba. Kile kisichopatikana kwa mkupuo hupatikana kwa kuvuta polepole.

Chuma cha ndani kinachotumika katika kazi ya kuunga mifupa kimekuwa rahisi kupatikana katika nchi zinazoendelea kutokana na shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka wa 1999 na daktari Lewis Zirkle katika mji wa Richland, jimbo la Washington, Marekani. Chuma hicho kiliundwa ili kiweze kuwekwa hata katika chumba cha upasuaji kisicho na mashine ya eksrei, nazo hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo za Kenya, hukitumia.

Kurefusha mguu mfupi

Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, alichapisha habari za kurefusha miguu mwaka wa 1905. Kwa miongo iliyofuata, kazi hiyo iliandamwa na madhara makubwa. Aliyebadilisha mambo alikuwa Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, ambaye katika miaka ya 1950 alibuni duara za chuma zinazouzunguka mguu na kushikiliwa na nyaya nyembamba zinazopita kwenye mfupa.

Ilizarov aligundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, bila kuharibu utando na mishipa yake ya damu, ukivutwa polepole hujaza pengo kwa mfupa mpya. Sifa zake zilienea baada ya mwaka wa 1968, alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka wa 1964. Brumel aliumia vibaya mguu mwaka wa 1965 akiwa amepakiwa kwenye pikipiki, na upasuaji mwingi uliotangulia haukuwa umemsaidia. Madaktari wa Italia waliichukua mbinu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka huko ikasambaa duniani.

Matibabu yana vipindi vitatu. Baada ya mfupa kukatwa na vyuma kufungwa, mgonjwa husubiri takriban wiki moja. Kisha skrubu huzungushwa robo ya milimita mara nne kwa siku, yaani milimita 1 kila siku. Kazi hii hufanywa na mgonjwa mwenyewe au jamaa yake nyumbani. Akiharakisha, mfupa mpya haujengeki na mishipa huumia. Akichelewa, mfupa huunga kabla ya wakati. Hatimaye urefu ukishapatikana, vyuma hubaki hadi mfupa mpya ugumu.

Kipindi hiki cha mwisho ndicho kirefu na ndicho wagonjwa wengi hawakitarajii. Hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja hadi mwezi na nusu wa kuvaa vyuma kwa kila sentimita, na kwa watu wazima huweza kuzidi. Anayerefushwa sentimita 4 atavuta kwa siku 40 lakini atabaki na vyuma kwa miezi minne hadi sita. Anayerefushwa sentimita 7 ajitayarishe kwa karibu mwaka mzima. Kadiri urefu unaotafutwa unavyozidi sehemu ya tano ya mfupa wenyewe, ndivyo madhara yanavyoongezeka.

Ili kufupisha muda huo, madaktari wengine huweka chuma cha ndani pamoja na vyuma vya nje, na vya nje huondolewa mara tu urefu unapopatikana. Kuna pia vyuma vinavyojirefusha ndani ya mfupa kwa nguvu ya sumaku inayoshikwa nje ya mguu kwa dakika chache kila siku. Aina moja inayotumika sana iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2011. Vyuma hivi humwepusha mgonjwa na vidonda vya nyaya, lakini bei yake ni ya juu mno kwa wengi, na havijakosa kasoro: mwaka wa 2021 aina mojawapo ya chuma cha pua iliondolewa sokoni baada ya dalili za kutu kuonekana.

Mbinu ya Ilizarov pia huwafaa waliopoteza kipande cha mfupa kwa sababu ya usaha. Mfupa hukatwa mahali penye afya, na kipande hicho huhamishwa milimita kwa milimita hadi kulijaza pengo. Lakini usaha ni lazima uondolewe kwanza. Aliye na kidonda kinachotoa majimaji tangu ajali hafai kuahidiwa urefu kabla ya kidonda hicho kutibiwa. Mwenye nyonga iliyosagika naye huenda akahitaji nyonga bandia badala ya kurefushwa mfupa.

Madhara na maisha ya nyumbani

Viini kwenye matundu ya nyaya ni jambo la kawaida kwa anayevaa vyuma vya nje. Vikitambuliwa mapema hutibiwa kwa usafi na dawa za kumeza. Vikipuuzwa huingia mfupani. Wekundu unaoenea, maumivu yanayoongezeka au usaha ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Viungo navyo hukakamaa, kwa kuwa misuli hairefuki kwa urahisi kama mfupa. Goti huweza kushindwa kukunjika na wayo ukaelekea chini. Mazoezi ya kila siku chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo ni sehemu ya matibabu, si nyongeza. Anayekosa mazoezi anaweza kupata mguu mrefu usioweza kutembea vizuri kuliko ule mfupi aliokuwa nao.

Hatari nyingine ni ganzi au udhaifu wa mishipa ya fahamu, mfupa mpya kuchelewa kukomaa, na kuvunjika tena baada ya vyuma kuondolewa. Uvutaji sigara hupunguza kasi ya mfupa kuunga, na wagonjwa huagizwa kuacha kabla ya operesheni. Wenye kisukari nao huhitaji kiwango chao cha sukari kidhibitiwe kwanza.

Kuna pia mambo ya nyumbani yasiyoandikwa kwenye fomu za hospitali. Mtu aliyevaa duara za chuma pajani hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, hivyo kiti cha choo kitahitaji kutengenezwa mapema. Hawezi kuendesha bodaboda wala kulima. Suruali zake zitahitaji kupasuliwa ubavuni. Katika msimu wa mvua, njia ya matope kutoka nyumbani hadi barabarani huwa kikwazo kikubwa kwa mwenye magongo. Familia inayolipanga jambo hili inafaa kujumlisha nauli, mtu wa kumsaidia mgonjwa na mapato ya miezi yote atakayokosa kazi, si gharama ya siku ya operesheni pekee.

Mahali pa kuanzia

Kwa mkazi wa Kakamega, mahali pa kwanza ni kliniki ya mifupa ya hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, mjini Kakamega. Hapo ndipo atapimwa na kuandikiwa rufaa ikihitajika. Hospitali kubwa zilizo karibu ni ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, yapata kilomita 50, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, takriban kilomita 100. Kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, hospitali ya CURE huko Kijabe imekuwa ikiwahudumia tangu mwaka wa 1998.

Si kila daktari wa mifupa hurefusha miguu, na si aibu kwa mgonjwa kuuliza. Jina la daktari linaweza kuthibitishwa katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya. Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Mgonjwa anafaa kuomba ofisi ya hospitali imweleze, kabla ya kulazwa, ni operesheni ngapi zitalipiwa na iwapo vyuma, picha za eksrei na kuondolewa kwa vyuma baadaye vimo.

Maswali yafuatayo yatamsaidia mbele ya daktari:

Tofauti yangu ni sentimita ngapi, na iko katika mfupa upi?

Nikivaa kiatu pekee, ni nini kitakachotokea baada ya miaka kumi?

Kwa nini umependekeza njia hii badala ya kufupisha mguu mrefu?

Umewafanyia wagonjwa wangapi, na ni madhara gani waliyapata?

Nitarudi kliniki mara ngapi, kwa miezi mingapi?

Nikipata tatizo usiku nikiwa kijijini, nimpigie nani simu na niende hospitali gani?

Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na jibu la kwamba kiatu kinatosha lisipokewe kama kunyimwa matibabu, kwa kuwa kwa wengi ndilo jibu sahihi.

Kwa aliyevunjika hivi karibuni, mambo ni mepesi zaidi iwapo atawahi. Katika wiki mbili au tatu za kwanza, vipande vya mfupa vilivyopandana bado huweza kurejeshwa mahali pake kwa operesheni moja ya kawaida. Eksrei ya siku chache baada ya ajali, na nyingine baada ya wiki moja au mbili kuhakikisha mfupa haujahama, huweza kumwepusha mgonjwa na miezi mingi ya vyuma baadaye.